Amri, Mashauriano, Ulezi au Kukasimu: Mtindo Upi wa Uongozi Ni Wako, na Lini Uuache Kidogo

Wapo wanaoambiwa kwenye tathmini ya mwaka kwamba ni wakali mno, na wapo wanaoambiwa ni wapole hadi watu wanawapanda kichwani. Wote hurudi mezani na swali lilelile: sasa niweje? Hapo ndipo mtu anapoanza kujilazimisha. Mkali anatabasamu wiki mbili, mpole anagonga meza kwenye kikao kimoja, kisha kila mmoja anarudi alikozoea huku timu ikiwa imechanganyikiwa kuliko mwanzo.

Hapa tunaweka mitindo minne bega kwa bega: amri, mashauriano, ulezi (kumkuza mtu kwa kumuuliza hadi ajifunze mwenyewe) na kukasimu (kumwachia mtu kazi pamoja na madaraka yake). Wataalamu wameigawa kwa namna nyingi na kuipa majina mengi, lakini kazini karibu kila unachokiona kinaangukia kwenye mmojawapo wa hii minne au mchanganyiko wake. Niseme mapema ninapoegemea: sioni faida ya kujaribu kubadili tabia. Kinachobadilika bila mtu kuumia ni namna anavyoliendea jambo moja moja. Mtu mkali anaweza kubaki mkali na bado akajua kwamba hili la leo ni la kuuliza kwanza.

Kwanza ujue ulipo

Yale majaribio ya maswali ya mtandaoni yanayokupa jina la mtindo wako mwishoni hupima zaidi unavyotamani kuonekana. Ukiulizwa kama huwasikiliza watu wako, nani atajibu hapana? Ushahidi wa kweli unao tayari kwenye simu. Fungua meseji na baruapepe ishirini za mwisho ulizowatumia watu unaowaongoza, uzigawe mafungu. Zipo zinazoagiza: "Nitumie kabla ya saa sita." Zipo zinazotafuta maoni: "Mnaonaje tukiisogeza hadi wiki ijayo?" Zipo zinazomrudishia mtu fikra zake: "Wewe ungeanzia wapi?" Na zipo zinazokabidhi: "Hilo liko kwako, nijulishe likiisha." Fungu linalozidi ndilo ulilozoea.

Halafu rudia zoezi hilo kwa meseji za siku ambayo mambo yalikwenda mrama. Hapa wengi hushtuka. Mtu anaweza kuwa wa mashauriano siku kumi za utulivu, na siku ya kumi na moja mfumo ukikwama akawa wa amri tupu. Timu humjua kwa siku ile ya kumi na moja.

Dalili nyingine ni wanachokuletea. Wakija na maswali madogomadogo ambayo wangeweza kuyaamua wenyewe, umewazoesha amri. Wakija na mjadala ule uliodhani umefungwa Jumatatu, umewazoesha mashauriano. Wakija kukuambia kosa lao kabla hujaligundua, kuna ulezi ndani yake. Wasipokuja kabisa, ama umekasimu vizuri ama umewatelekeza, na tofauti hiyo tutaiona mbele.

Kuna kipimo kimoja cha kitaalamu ninachokipenda kwa ujanja wake. Fred Fiedler, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechapisha kitabu cha nadharia yake ya uongozi mwaka 1967, hakuwauliza viongozi wanavyoongoza. Aliwaomba wamfikirie mtu mmoja ambaye kufanya naye kazi kuliwashinda kuliko wote, kisha wamweleze kwa sifa zake. Anayemchora mtu huyo kwa rangi nyeusi tupu, huyo kinachomsukuma kwanza ni kazi. Anayeweza kusema "kazi tulishindwana, lakini ni mtu mwema", huyo kinachomsukuma kwanza ni uhusiano. Jaribu sasa hivi, kimoyomoyo. Jibu lako la kwanza ndilo la kulitazama.

Vigezo tutakavyotumia

Nimechagua vinne. Cha kwanza ni muda: uamuzi unahitajika baada ya dakika kumi au wiki mbili? Cha pili ni ujuzi: nani kati yenu analijua jambo hili zaidi, wewe au wao? Wakubwa wengi hukiruka hiki, kwa sababu kukijibu kwa ukweli kunachoma. Cha tatu ni uzito wa kosa: likitokea, linarekebishika kwa jioni moja au linafukuza mteja, linaumiza mtu, linavunja sheria? Na cha nne, watu wanabaki na nini. Kazi ikiisha, wamejua jambo jipya, au wametekeleza tu na kusahau?

Ili tusielee hewani, kila mtindo tutauweka kwenye kisa kimoja. Ni Jumatano adhuhuri. Ripoti inatakiwa kwa mteja Ijumaa saa tatu asubuhi. Unagundua kwamba hesabu za sura ya tatu hazilingani na jedwali la mwisho. Aliyeiandaa ni mfanyakazi mwenye miezi minne kazini, kijana mwepesi wa kushika mambo lakini bado mgeni.

Amri

*Kwenye kisa chetu.* "Acha vingine vyote. Rudia hesabu za safu ya pili, uniletee saa tisa. Mwenzako akague kabla haijanifikia. Kesho asubuhi naipitia mimi." Imechukua dakika mbili, na hakuna anayeondoka akijiuliza afanye nini.

*Inapokubeba.* Muda ukiwa mfupi, wewe ukiwa ndiye mwenye ujuzi, na kosa likiwa la gharama kubwa, mtindo huu hauna mpinzani. Moto ukiwaka, malipo ya watu yakikwama, usalama ukitetereka, hakuna anayetaka kuulizwa anaonaje. Lipo na jingine ambalo wapole hawalijui: mtu mgeni kabisa kwenye kazi mara nyingi hutulizwa na maagizo yaliyonyooka. Anapoambiwa cha kufanya, kwa mpangilio gani, na cha kuleta saa ngapi, hofu inashuka. Kumwambia siku ya tatu "fanya unavyoona inafaa" ni kumwongezea mzigo.

*Inapokuangusha.* Mwaka 1939 mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake wawili, Ronald Lippitt na Ralph White, walichapisha matokeo ya majaribio yao ya Chuo Kikuu cha Iowa. Waliunda vikundi vya wavulana wa umri wa miaka kumi hivi, wakawapa kazi za mikono kama kutengeneza vinyago vya kuvaa usoni, na kuwawekea viongozi wa aina tofauti. Kikundi cha amri kilichapa kazi kiongozi akiwepo. Akitoka chumbani, kazi ilishuka. Kikundi cha mashauriano kiliendelea karibu vilevile. Wale walikuwa watoto kwenye klabu zao, hawakuwa waajiriwa wenye mishahara na hofu ya kuachishwa, kwa hiyo tusiwageuze kuwa ofisi yako. Hata hivyo swali walilotuachia ni zuri kumuuliza kiongozi yeyote wa amri: ukienda likizo wiki mbili, nini hutokea?

Hasara nyingine huja kimyakimya. Anayeamriwa kila siku huacha kukuletea habari mbaya, kwa sababu kila habari mbaya huleta amri nyingine juu yake.

*Inamfaa nani.* Msimamizi wa zamu, kiongozi wa dharura, mkuu wa timu yenye wageni wengi, na yeyote ambaye kazi yake ina taratibu ambazo zikikiukwa mtu anaumia.

*Ukiiazima.* Mpole anapoamua kuamuru hupandisha sauti, na hapo ndipo anapoharibu. Amri nzuri ina vitu vitatu: jambo, mtu, saa. Itaje kwa sauti yako ya kawaida, kisha unyamaze. Usiongeze "samahani kukusumbua", wala usirundike sababu sita. Sababu moja inatosha.

Mashauriano

*Kwenye kisa chetu.* Unaita watu watatu kwa nusu saa: aliyeandaa ripoti, aliyekusanya takwimu, na anayewasiliana na mteja. "Hesabu hazilingani. Tuna hadi Ijumaa saa tatu. Njia zipi zipo?" Na hapo inaweza kujulikana kwamba takwimu zilisahihishwa wiki iliyopita na jedwali ndilo lililobaki la zamani. Ungeamuru hesabu zirudiwe, kijana angezirudia hadi usiku kwa takwimu zisizo na kosa.

*Inapokubeba.* Ujuzi ukiwa umetawanyika vichwani mwa watu kadhaa, au wewe ukiwa huujui undani wa jambo. Pia pale ambapo bila watu kuridhia, uamuzi hautatekelezwa hata uwe mzuri vipi. Watafiti wa uongozi Victor Vroom na Philip Yetton walilifanyia kazi hili mwaka 1973. Walipanga ngazi kuanzia kiongozi kuamua peke yake, kuuliza mmoja mmoja, kuuliza kundi zima, hadi kundi kuamua lenyewe, na wakaweka maswali ya kukuongoza usimame ngazi ipi. Faida kubwa ya kazi yao, kwa maoni yangu, ni kuonyesha kwamba kushauriana kuna viwango. Si lazima kila jambo liende kwenye kikao. Kumpigia simu mtu mmoja anayejua na kumsikiliza dakika tano nako ni kushauriana.

*Inapokuangusha.* Muda ukiwa mchache unazama nao, na nahodha wengi chombo huenda mrama. Lakini ugonjwa mkubwa wa mtindo huu ni mashauriano ya danganya toto. Unauona hivi: mkuu anauliza "mnaonaje?", watu wanatoa maoni, yeye anaandika kwenye daftari, na kesho yake linatoka tangazo lililokuwa limeshaandikwa tangu juzi. Mara ya kwanza watu hukasirika. Mara ya tatu hawakasiriki tena. Wanasema "sawa tu, bosi", na kikao kinaisha mapema. Mkuu naye anafurahi kwamba siku hizi wanaelewana. Robert Tannenbaum na Warren Schmidt waliligusa hili mwaka 1958 walipochora mstari mrefu unaoanzia kwa bosi anayeamua kila kitu hadi bosi anayeacha timu iamue. Walisisitiza kwamba popote utakaposimama, uwaambie watu bayana ni kiasi gani cha uamuzi umewapa. Kusimama upande wa bosi si dhambi. Kujifanya umesimama upande wa pili ndiko kunakovunja imani.

*Inamfaa nani.* Anayeongoza wataalamu kuliko yeye, anayeongoza watu wa idara tofauti wasioripoti kwake, na yule aliyepandishwa cheo juu ya wenzake wa jana.

*Ukiiazima.* Mtu wa amri aanze na sentensi moja mwanzoni mwa kikao: "Uamuzi nitautoa mimi saa nane, ila kabla ya hapo nataka kusikia nisichokijua." Halafu aseme wa mwisho. Mkubwa akitaja maoni yake kwanza, yanayofuata huwa ni mwangwi.

Ulezi

*Kwenye kisa chetu.* Unakaa na yule kijana, ripoti ikiwa wazi mbele yenu.

"Tofauti umeiona?"

"Nimeiona bosi. Sijui imetokea wapi."

"Ungetaka kujua, ungeanza kutazama nini?"

Kimya. "Labda tarehe ya faili."

"Haya, tazama."

Anatazama. Alitumia faili la mwezi uliopita. Unamuuliza ripoti ijayo atazuiaje hilo lisijirudie, naye anasema ataweka tarehe kwenye jina la kila faili. Limechukua dakika arobaini, jambo ambalo amri ingelimaliza kwa mbili. Lakini ripoti ijayo hatakuwa na faili la zamani, na hutakuwepo kumkumbusha.

*Inapokubeba.* Mtu ana uwezo na ana nia, na kazi itarudi tena na tena. Dakika arobaini za leo unazirejesha kwa ripoti zote za mwaka. Mwanasaikolojia Daniel Goleman, katika uchambuzi wake wa mwaka 2000 uliotumia takwimu za viongozi 3,871, aliutaja ulezi kuwa mtindo unaotumiwa mara chache kuliko yote sita aliyoichunguza, kwa sababu wakubwa husema hawana muda. Kisha wakubwa haohao hulalamika kwamba hawana wa kuwaachia kazi.

*Inapokuangusha.* Maswali ya ulezi kwa mtu asiyejua kabisa ni mateso. "Wewe unaonaje?" kwa mtu ambaye hajawahi kuiona kazi hiyo humfanya ajione mjinga mbele yako. Kwa mkongwe nayo huleta kero ya aina nyingine: anahisi unampima mambo aliyoyajua wewe ukiwa shuleni. Wakati wa dharura haufai hata kidogo. Na una kikomo cha hesabu. Huwezi kulea watu tisa kwa wakati mmoja kwa uzito ule ule, kwa hiyo itabidi uchague, na ukichagua wengine wataona upendeleo. Uwaambie wazi zamu ya kila mmoja inafika lini.

*Inamfaa nani.* Mkuu wa timu ndogo, anayeandaa mrithi wake, na kiongozi ambaye watu wake bora wanaondoka kwa sababu hawaoni wanakokwenda.

*Ukiiazima.* Chagua mtu mmoja na jambo moja, kwa nusu saa kwa wiki. Sehemu ngumu ni kunyamaza baada ya kuuliza. Mtu aliyezoea amri hustahimili kimya cha sekunde tano kisha anajijibu mwenyewe.

Kukasimu

*Kwenye kisa chetu.* "Ripoti ni yako. Mteja aipate Ijumaa saa tatu, hesabu zikiwa sawa. Ukikwama hadi kesho saa sita, niambie." Kwa mfanyakazi wa miezi minne, hilo ni kucheza kamari na mteja. Kwa mwenye miaka mitano kwenye kazi hiyohiyo, kusema maneno zaidi ya hayo ni kumvunjia heshima. Mtindo ni mmoja, na aliyeupokea ndiye anayeamua kama ulikuwa busara au uzembe.

*Inapokubeba.* Wao wanajua kuliko wewe, na kosa linarekebishika. Unakununulia muda wa kufanya kile ambacho ni wewe tu unayeweza kukifanya, na unawapa watu sababu ya kubaki.

*Inapokuangusha.* Katika majaribio yale ya Iowa kulikuwa na kundi la tatu, ambalo kiongozi aliliachia kila kitu bila mwongozo. Ndilo lililofanya kazi kidogo kuliko yote. Kukasimu kunakogeuka kumtupa jongoo na mti wake kuna dalili zake. Mtu anakabidhiwa kazi lakini hakabidhiwi madaraka: anaambiwa aandae safari ya timu nzima, ila kila matumizi hadi ya kalamu yaombewe saini. Au anapewa madaraka, kisha akikosea kidogo yanarudishwa mbele za watu. Aina mbaya kuliko zote ni ile ya mkuu anayekasimu lawama: likifaulu ni la kwake, likiharibika "si nilikuachia wewe?"

*Inamfaa nani.* Mwenye timu ya wakongwe, mwenye watu walio mbali anaowaona kwa nadra, na kiongozi ambaye sasa anaongoza viongozi wengine.

*Ukiiazima.* Andika mistari mitatu kabla ya kukabidhi: matokeo unayoyataka, mipaka asiyoruhusiwa kuivuka bila kukuuliza, na siku ya kukupa taarifa. Kisha usiulize katikati. Kupiga simu kila saa mbili kuuliza "imefikia wapi?" ni amri iliyovaa kanzu.

Na yule anayefanya kila kitu mwenyewe

Kuna mtu hatujamtaja, na huenda ndiye wewe. Alipandishwa cheo kwa sababu alikuwa mfanyakazi hodari kuliko wote, na sasa anaongoza kwa kukimbia mbele. Ripoti ikiwa na kosa haamuru, haulizi, halei, hakasimu. Anaichukua na kuisahihisha mwenyewe saa nne usiku. Goleman aliuweka mwendo huu kwenye orodha yake, na pamoja na ule wa kushurutisha, alikuta kwa jumla unachafua hali ya hewa ya kazini. Mbele ya timu ndogo ya watu hodari wenye ari unaweza kufanya kazi vizuri kwa kipindi kifupi. Kwa wengine, wanachojifunza ni kwamba wakiharibu, bosi atatengeneza. Kama uko hapa, usihangaike bado kuchagua kati ya minne. Wiki hii rudisha kazi moja kwa mwenyewe, ikiwa na kosa lake.

Ubadilike wewe, au ubadilishe kazi?

Hapa wataalamu wenyewe wamegawanyika, na ni vizuri ujue pande zote mbili kabla hujajilaumu.

Paul Hersey na Ken Blanchard, kuanzia mwaka 1969, walijenga hoja kwamba kiongozi ndiye wa kubadilika. Unamtazama mtu kwa jambo hili mahususi: anaweza? anataka? Asiyeweza unamwelekeza hatua kwa hatua, na kadiri anavyopanda unalegeza kamba hadi unamwachia. Ni rahisi kukumbuka, ndiyo maana imeenea sana kwenye mafunzo ya kazini. Watafiti walioijaribu wamepata matokeo mchanganyiko, na kwa anayeitumia ovyo ina hatari: timu humwona kigeugeu, leo anauliza, kesho anaagiza, na hakuna ajuaye kwa nini.

Fiedler alisimama upande wa pili. Kwake, kinachomsukuma mtu hakibadiliki kirahisi, hivyo ni nafuu kumweka mtu mahali panapomfaa au kubadili mpangilio wa kazi. Aliona kwamba wanaosukumwa na kazi hufanya vizuri pale hali inapokuwa nzuri sana au mbaya sana, na wanaosukumwa na uhusiano hufanya vizuri hali ikiwa ya katikati. Tafsiri yake kazini: kama ulezi unakushinda, mpe naibu wako mlezi jukumu la kupokea wageni, nawe ubaki na kazi ya mikataba na tarehe za mwisho. Kasoro yake ni kwamba si kila mtu ana uwezo wa kupanga upya kazi yake. Mwenye bosi watatu juu yake na timu ya watu wawili hana naibu wa kumpa chochote.

Mimi nazichanganya kwa kutazama marudio. Jambo linalokuja mara moja moja, badilika wewe kwa siku hiyo. Linalokuja kila wiki na kila wiki linakuchosha, badilisha mpangilio. Na kila unapotoka kwenye ulichozoea, kitangaze: "Leo naamua peke yangu kwa sababu mteja anasubiri kwenye simu." Kigeugeu na mtu anayejua anachokifanya wanaweza kutenda mambo yaleyale, ila wa pili husema sababu kabla.

Kwa hali uliyonayo

*Umepewa timu mpya usiyoijua.* Anza na mashauriano ya mmoja mmoja wiki za mwanzo, hata kama wewe ni wa amri. Hujui nani anajua nini. Kitu pekee cha kuamuru mapema ni kile kinachohusu usalama, fedha au sheria.

*Umepandishwa juu ya wenzako.* Amri ya ghafla itasomwa kama kulewa cheo, na kukwepa kuamua kutasomwa kama woga. Shauriana, lakini ufunge mjadala kwa uamuzi wako na tarehe yake. Mwaka mzima wa kuulizana bila kuamua huharibu urafiki kuliko uamuzi mmoja mgumu.

*Unawaongoza watu waliokuzidi umri au miaka kazini.* Kasimu wanachokijua, na waulize kabla ya kubadili walichokijenga. Ulezi ufanye kinyumenyume: waombe wao wawalee vijana. Penye lazima ya kuamuru, mwite mhusika pembeni, usimwagize mbele ya wadogo zake.

*Kazi imeharibika na muda hakuna.* Amuru. Kisha mambo yakitulia, kaa na timu mpitie kilichotokea kwa mashauriano. Wakuu wengi hufanya la kwanza na kusahau la pili, na ndivyo dharura inavyogeuka kuwa utaratibu wa kila mwezi.

*Watu wako wako mbali, mnaonana kwenye kioo tu.* Kukasimu kwa maandishi, pamoja na siku maalumu ya taarifa. Atakayekuumiza hapa ni ile hamu ya kuuliza "uko hewani?"

*Mfanyakazi mmoja anashuka.* Usichague mtindo kabla ya kujua kama hawezi au hataki. Asiyeweza anahitaji maelekezo, kisha ulezi. Asiyetaka anahitaji mazungumzo ya faragha kwanza, maana mara nyingi kuna jambo nyuma yake, na baada ya hapo masharti yaliyo wazi. Kumlea asiyetaka ni kumpa mwanya wa miezi sita.

*Bosi wako mwenyewe ana mtindo tofauti na wako.* Mpe anachokihitaji kwa lugha yake bila kukipitisha chini kilivyo. Yeye wa amri anataka jibu saa tisa: mpe jibu saa tisa. Timu yako haina haja ya kusikia ukali uliousikia wewe, inahitaji kujua saa na jambo.

*Unaambiwa mambo mawili yanayopingana, mmoja anasema u mkali na mwingine anasema u mpole.* Inawezekana wote wako sahihi, kwamba hawa unawaamuru na wale unawakasimia. Chukua karatasi uandike majina yao katika safu mbili, kisha utazame kilichokuongoza kuwagawa. Kama safu moja ni ya wageni na nyingine ya wazoefu, endelea, ila waeleze wote kwa nini, na lini mtu huhama safu. Kama safu moja ni ya wale unaokula nao mchana, basi chukua jina moja kutoka safu ya pili na ulikasimie wiki hii kazi ambayo ungewapa wale wa kwanza bila kufikiri.